Sifa za Dimoni, Mtumishi wa Chinichini

Hapa Nairobi, Kimathi ana sanamu kwenye barabara iliyopewa jina lake. Tom Mboya anayo Moi Avenue, na Mzee Kenyatta ameketi kwa shaba pale KICC tangu miaka ya sabini. Mtumishi ninayetaka kumsifu leo hana hata kibao. Wanaomjua humtaja wakiwa wamekasirika, mara nyingi usiku, kwa maneno yasiyochapishika. Mafundi wa kompyuta humwita dimoni.

Dimoni ni programu inayofanya kazi chinichini, bila dirisha wala kitufe, bila kungoja mtu akae mbele ya skrini. Panda ngazi za jengo la ofisi kati ya Tom Mboya Street na Koinange Street, ufike kwenye kile chumba kidogo chenye feni na nyaya zilizosokotana, utakuwa umebisha hodi kwake. Yuko anayepokea barua pepe, yuko anayepeleka kazi kwenye printa, yuko anayelinda hifadhidata ya karo. Yuko pia cron, anayeamka saa sita usiku kutengeneza nakala za akiba ambazo hakuna aliyewahi kujaribu kuzifungua. Wote huamshwa na kulazwa kwa amri za maandishi kwenye skrini nyeusi.

Nasaba yake ni ya heshima. Alipewa jina hilo kule MIT mwaka 1963 na kundi la Fernando Corbató, waliomkumbuka yule kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyekaa mlangoni akichambua molekuli bila kuchoka. Ukoo una mkuu wake: mchakato namba 1, unaotangulia mingine yote na kuwalea mayatima, yaani michakato iliyofiwa na wazazi. Kwenye Linux nyingi za leo kiti hicho kimekaliwa na systemd, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, na wazee wa kazi hawajamaliza kuinung'unikia. Wao walizoea kuandika service apache2 restart. Sasa ni systemctl restart apache2. Maneno mawili yamepishana nafasi, na vidole vya watu wazima vimeadhibiwa.

Lakini tuje kwenye tabia. Dimoni akiulizwa, hujibu. Andika systemctl status nginx, huhitaji barua ya utambulisho wala kumjua mtu ndani, naye atakwambia kama yu hai, ameamka lini, watoto wake ni nani, na kwa kawaida anakula kumbukumbu kiasi gani. Mwenye ruhusa huongezewa mistari kumi ya mwisho ya aliyoyasema. Hilo si jambo dogo mjini hapa. Mwaka 2017 taifa zima, hata ambao hawajawahi kugusa kibodi, lilijifunza kusema "fungua sava". Mahakama ya Juu, pale City Hall Way, iliiamuru tume ya uchaguzi ionyeshe kumbukumbu za sava zake, na tarehe 1 Septemba, ilipoufuta uchaguzi wa rais, mojawapo ya mambo yaliyowaudhi majaji wengi ni kwamba amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Dimoni hajawahi kuhitaji majaji ili aseme alilala saa ngapi.

Anajua pia kuondoka. Amri ya kill ina jina la kikatili ila kazi yake ni kupeleka ujumbe tu, na ujumbe wake wa kawaida ni namba 15: tafadhali maliza ulichoshika, funga mafaili, uende. Ukisema systemctl stop, systemd hutuma huo huo na kusubiri, kwa mpangilio wa kawaida, sekunde 90. Ukaidi ukizidi ndipo hutumwa namba 9, isiyosikiliza utetezi. Muuza soksi wa Tom Mboya Street angetamani sana kanjo, yaani askari wa kaunti, wajifunze namba 15. Wao huanza na 9: gari linasimama, turubai linakunjwa mali ikiwa ndani, na mwenyewe yuko mbio kuelekea River Road.

Wapo, kweli, wasiokufa sawasawa. Mchakato uliokwisha kufa, lakini mzazi wake hajaja kuchukua taarifa ya kifo, hubaki kwenye orodha na kuitwa zombi. Hafanyi kazi, hali kumbukumbu, ana namba tu. Mpige kill -9 uone kama atatikisika. Maiti haiuawi mara mbili. Tiba ni kumfuata mzazi. Mgeni huona ajabu hapo, mwenyeji haoni. Tume ya Kriegler iliyochunguza uchaguzi wa 2007 ilikuta wafu kwenye daftari la wapiga kura, na wafanyakazi hewa kwenye orodha za mishahara si habari mpya kwa yeyote. Zombi wa Linux namwona mwadilifu kuliko hao wote, kwa kuwa hapigi kura na mwisho wa mwezi hapokei kitu.

Anatufundisha hata tofauti ya kuajiri na kuita kibarua. Start humwamsha sasa hivi. Enable ndiyo humwandika rasmi, ili kompyuta ikizimika na kuwaka tena arudi kazini mwenyewe. Waliosahau enable hujulikana stima ikirudi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Usiku wa namna ile huwa mtihani usiotangazwa kwa kila fundi aliyeandika start akaenda nyumbani.

Na restart je? Hapo ndipo pendo langu lilipo. Dimoni akikwama, mteja amesimama dirishani, karani ameshasema sistimu iko chini, bosi ameshapiga simu mara mbili, fundi haulizi chanzo. Anaandika restart, foleni inasogea, naye anasifiwa kuwa ni mtaalamu. Chanzo kinabaki pale pale mpaka Jumatatu ijayo.

Ila uvumilivu una kikomo. Dimoni aliyepangiwa kujiinua kila anapoanguka, akianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na bado anaanguka, systemd humkatia tamaa na kumpiga muhuri wa kushindwa. Unadhani huo ndio mwisho wa utumishi wake? Iko amri ya systemctl reset-failed. Ukiiandika, muhuri unafutika, hesabu ya kuanguka inarudi sifuri, na mheshimiwa yuko tayari kuanza upya kwenye kiti kile kile. Maovu yake yanabaki yameandikwa kwenye jarida la mfumo, ambalo hakuna anayelisoma. Nasikia ziko ofisi nyingine hapa mjini zenye amri hiyo hiyo, ila huko haiandikwi kwenye skrini.