Simu Imekataa Laini, Mke Amekataa Maelezo

Mwulize Mjomba ni safu ya ndoa, mirathi na majirani wanaofungulia redio alfajiri. Mwezi huu, hata hivyo, barua zimekuja na kilio kimoja: simu haitambui laini. Nilitaka kuzihamishia kwa mhariri wa teknolojia, nikakumbuka hatuna. Basi nitazijibu mwenyewe, kwa sharti moja. Kabla hujaniandikia, soma kioo cha simu kimeandika nini. “Hakuna laini” maana yake simu haijaiona kadi kabisa. “Hakuna huduma” maana yake imeiona, mtandao ndio haujaipokea. “Weka PUK” maana yake kadi iko salama, imekukataa wewe. Watu wengi huyachanganya hayo matatu, wakatibiwa ugonjwa wa jirani, na wakalipa.

*Mjomba, shikamoo. Mimi ni mhazini wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Juzi simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, nikaitoa upesi, nikaizika kwenye mchele. Imewaka vizuri ila inaandika “Hakuna laini”. Michango yote, milioni tatu na ushee, imo kwenye laini hiyo. Nikipigiwa sipatikani, lakini WhatsApp inafanya kazi kwa Wi-Fi ya jirani, kwa hiyo kwenye grupu naonekana niko hewani. Mwenyekiti ameandika: “Mhazini, tunakuona.” Harusi ni Jumamosi. – Si Mwizi, Mbagala*

Marahaba, Si Mwizi. Tuanze na kinachokunyima usingizi: ndani ya laini hamna pesa. Kile kipande cha plastiki kimebeba namba ya utambulisho ambayo mtandao hukujua kwayo, na ufunguo wa siri wa kuthibitisha kwamba ni chenyewe kweli. Salio la michango limeandikwa kwenye mitambo ya kampuni. Kadi ikiungua leo, milioni tatu zitalala palepale zilipo. Kinachoweza kupotea ni majina uliyoyahifadhi kwenye kadi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni kama 250 tu, na kwa jinsi grupu lenu linavyokusema sidhani utayalilia yote.

WhatsApp nayo isikushangaze. Ilithibitisha namba yako siku uliyoifungua. Baada ya hapo haijali laini ipo kwenye simu au ipo ndani ya ndoo. Mweleze mwenyekiti hivyo, kwa upole, na kwa sauti ya kurekodi, maana mtu anayeandika “tunakuona” hasomi aya ndefu.

Mchele utoe. Haunyonyi maji yaliyojificha ndani ya simu, na unga wake na chenga zake huingia kwenye matundu. Apple wenyewe waliwaonya wateja wao mwaka 2024 waache tabia hiyo. Mchele huo una kazi yake Jumamosi. Wewe zima simu, chomoa trei ya laini, igongegonge polepole kwenye kiganja tundu likitazama chini, kisha iache penye upepo mpaka kesho. Usipulize kwa mdomo. Mate nayo ni maji.

Ikishakauka, geuza kadi uone ule uso wa dhahabu. Umegawanyika vipande sita au vinane. Kimoja hupokea umeme, kingine hupokea mapigo ya saa yanayoipa kadi mwendo, kingine hupitisha mazungumzo yote kati ya kadi na simu. Upande wa simu kuna vijino vya chuma vyenye springi vinavyogusa vipande hivyo. Kile cha mazungumzo kikishika kutu, simu itaapa kwamba hakuna laini, hata kama wenzake wote wamegusa. Futa dhahabu hiyo kwa kitambaa laini kikavu, au pamba yenye spiriti kidogo, uiache ikauke. Kisu hapana, msasa hapana, na pindo la shati lililotoka jasho la kikao cha kamati hapana.

Bado inagoma? Nenda kikaoni. Ndiyo, nenda. Omba simu ya mwenyekiti mwenyewe, weka laini yako humo mbele ya wajumbe. Ikisoma, kadi ni nzima na mgonjwa ni simu yako. Fungua menyu ya pesa papo hapo, waonyeshe salio, na namba ya siri uifiche hata kwa bibi harusi. Isiposoma, weka laini ya mwenyekiti kwenye simu yako. Hiyo ikisoma, ujue kadi yako ndiyo iliyokufa na simu haina kosa. Jaribio hili halina gharama, hata kwa kiswaswadu cha elfu ishirini linafanyika, na ndilo fundi atakalolifanya kwanza kabla hajakutajia bei. Sioni sababu ya kumlipa mtu akufanyie kitu ambacho mwenyekiti mwenye hasira anaweza kukufanyia bure.

Kama kadi imekufa, nenda ukarinyuu laini dukani kwa mtandao wako, na namba yako ya NIDA. Nenda wewe mwenyewe. Tangu usajili wa alama za vidole uliposhika hatamu, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, kidole hakitumwi. Utapewa kadi mpya, namba ileile, salio lilelile. Chukua na mjumbe mmoja akawe shahidi, ikiwezekana yule anayecheka kidogo kwenye grupu.

*Mjomba, simu yangu ni ya laini mbili. Ya pili ni ya biashara. Kila jioni nikishuka daladala naichomoa, asubuhi nairudisha. Wiki hii simu haizitambui zote mbili, na wanaonipigia kwa WhatsApp wanasema sauti yangu haisikiki. Mke wangu ameuliza kwa nini pini yake ya ushungi iko kwenye mfuko wa suruali yangu. Nisaidie kabla hajauliza la pili. – Mfanyabiashara, Morogoro*

Mwanangu, sitauliza biashara gani inayofungwa inapofika magharibi, maana nawe hukueleza.

Trei ya laini haikutengenezwa kwa matumizi ya kila siku. Aliyeibuni alidhani utaweka kadi siku uliyonunua simu, na labda tena siku utakayohama mtandao. Kila ukiichomoa na kuirudisha, vile vijino vinasuguliwa. Kimoja kikipinda au kikilegea, mawasiliano yanakatika. Trei nayo ikipinda kidogo tu, kadi zote mbili zinakaa upande, ndiyo maana umekosa hata laini ya nyumbani.

Sauti je? Pembeni mwa simu yako kuna matundu zaidi ya moja yanayolingana kwa udogo. La kutolea laini liko kwenye kifuniko cha trei, na ukitazama vizuri utaona mstari mwembamba wa kifuniko ukilizunguka. Lililo peke yake, bila mstari, mara nyingi ni la maikrofoni. Gizani, pale kituoni, ukiwa na haraka na pini ya ushungi, nina hakika umelitoboa hilo la pili. Hapo kufuta hakusaidii, ni kazi ya fundi.

Kwa upande wa laini: zima simu, tumia kipini kilichokuja nayo au klipu ya karatasi iliyonyooshwa, sukuma bila kuinamisha mpaka trei ijitokeze. Kadi ina pembe moja iliyokatwa. Ilaze ilingane na pembe ya trei, isipande ukingoni. Rudisha, washa. Kama haijaiona, washa hali ya ndege, subiri kidogo, izime. Kisha iache hapo.

Najua utaniambia huwezi kuiacha hapo. Simu za laini mbili zina kitufe cha kuzima laini moja bila kugusa trei. Kipo. Nakataa kukuonyesha kilipo. Ila mama watoto, ambaye najua husoma safu hii kabla ya kufungia maandazi, ningependa ajue kwamba kwenye mipangilio, sehemu ya laini, simu nyingi huorodhesha kadi zote zilizomo, hata ile iliyozimwa.

*Mwanangu hujambo. Mjukuu kanichezea simu, sasa inataka namba inaitwa PUK. Nimejaribu tarehe yangu ya kuzaliwa yote, siku, mwezi na mwaka. Nikajaribu ya Uhuru. Nikajaribu ya Mapinduzi. Inakataa. Nijaribu ipi? – Bibi, Pangani*

Shikamoo bibi. Weka simu chini kwanza.

Mjukuu alikosea PIN mara tatu, kadi ikajifunga. PUK ina tarakimu nane, ndiyo maana tarehe zako zimetosha kuandikika. Lakini kadi inavumilia makosa kumi tu. La kumi likipita inajiua, na hakuna fundi Pangani wala Tanga mjini atakayeifufua. Umebakiwa na saba. Nakuomba sana, bibi yangu, usiingie kwenye Muungano.

Namba hiyo hukuichagua wewe, ilikuja na kadi. Tafuta ile plastiki kubwa ambayo laini ilibanduliwa siku uliyoinunua, huwa imechapishwa hapo. Kama plastiki ilishawashia jiko, piga huduma kwa wateja kwa simu ya jirani. Watakuuliza maswali ya kukuthibitisha, watakutajia namba. Mjukuu mpe kiswaswadu kisicho na betri.

*Mjomba, jana usiku alinipigia mtu wa huduma kwa wateja, akaomba namba zilizoingia kwa meseji, nikampa. Leo tangu alfajiri simu inaiona laini lakini mtandao hamna. Nisafishe kadi kwa spiriti au kwa petroli? – Mama Lishe, Mwanza*

Mama, acha kusoma. Azima simu iliyo karibu, piga 100, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa sasa hivi.

(Mliobaki: kadi chafu huleta “Hakuna laini”. Huyu mama simu yake inaiona kadi vizuri sana. Mtandao umekatika ghafla baada ya kutoa namba za siri, na hiyo ni dalili kubwa kwamba namba yake imehamishiwa kwenye kadi ya mtu mwingine. Namba moja haikai kwenye kadi mbili za namna hiyo; mpya ikiwashwa, ya zamani inakufa. Akishairudisha, abonyeze *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Na mtu halali wa huduma kwa wateja hana haja na namba ulizotumiwa wewe.)

*Mjomba, laini yangu ya zamani ilikuwa kubwa, nimeikata kwa mkasi, ikaingia kwa kusukuma. Haisomi na haitoki. – Mkasi, Dodoma*

Laini ya nano ina upana wa milimita 12.3 kwa 8.8, na unene wa 0.67. Yako ya zamani ina unene wa 0.76. Mkasi ulipunguza upana, unene umebaki, na hapo ndipo ulipokwama. Usiivute kwa koleo, itatoka na vijino. Mpelekee fundi. Kisha nenda dukani wakubadilishie kadi, mkasi uache nyumbani.

*Salaam Mjomba. Shemeji katoka Marekani kaniletea iPhone 14. Nimeizunguka pande zote na pini mkononi, pa kutia laini sipaoni. Nimeletewa sanamu? – Msomaji, Likoni*

Weka pini chini kabla hujalifikia tundu la maikrofoni. Muulize wa Morogoro.

Simu ni simu. iPhone 14 zilizouzwa Marekani tangu 2022 hazina trei kabisa. Laini yake ni eSIM, kijichipu kilichomo ndani, na mtandao hukitumia maelezo ambayo aghalabu unayapokea kwa kupiga picha msimbo wa QR. Kenya na Tanzania ipo mitandao inayotoa, kwa hiyo nenda ofisini kwao na kitambulisho.

Kuna jambo jingine la kumuuliza shemeji, na ulitafutie wakati mzuri, baada ya chakula: simu hii alimaliza kuilipa? Za mkopo huko hufungwa zisikubali mtandao mwingine mpaka deni liishe. Dalili yake si “Hakuna laini”; simu husema laini haikubaliki. Ikisema hivyo, hakuna kufuta kutakakosaidia, na fundi akikuahidi kuifungua kwa dakika tano shika simu yako vizuri.

*Mjomba, tangu niweke memori kadi, laini ya pili haionekani. – Mwanachuo, Mbeya*

Nafasi ya pili ya trei yako ni ya laini au ya memori kadi, mojawapo. Chagua muziki au chagua bando la mtandao ule.

*Mjomba, wewe ni mtu mzima lakini unatuvunjia biashara. Ukishawafundisha watu kufuta laini na kubadilishana simu, sisi tutakula nini? – Fundi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo*

Fundi wangu, mtakula kazi za fundi. Kwenye simu nyingi kisoma laini kimechomewa juu ya bodi, na kukibadilisha kunataka bloa na mkono usiotetemeka. Mimi sina hata kimoja. Ipo pia simu ambayo ukibonyeza *#06# haitoi zile tarakimu 15 za IMEI, inatoa sufuri tupu au inakaa kimya. Hiyo ugonjwa wake uko kwenye bodi au kwenye programu, na mwenyewe anaweza kufuta kadi mpaka dhahabu iishe asione mabadiliko. Mtu huyo nitakuletea mimi mwenyewe, nimshike mkono.

Ninachokipinga ni elfu thelathini ya “kuflashi” kwa kadi iliyowekwa kichwa chini miguu juu. Na ile simu yangu uliyoniambia nije kuichukua Alhamisi, hukusema Alhamisi ipi.