Mbaula Zangu Ziko Wapi?

Aliyetuokoa ni mama mkwe wangu, na hakuja kuokoa mtu. Alikuja kutafuta mbaula zake, yale majiko ya mkaa, apike ubwali, ugali wetu.

Ilikuwa Juni 2024. Wifi yangu alikuwa ameshuka kutoka kwenye basi la Lusaka na begi moja na mkeka wa mpira aliouviringisha na kuukumbatia safari nzima. Miaka ya kuinama kwenye cherehani ilikuwa imemharibu mgongo, akapata nafuu katika yoga ya chumba cha moto. Jioni ile ile, tukiwa tumezunguka sahani ya chisense, dagaa wa ziwa letu, alitusimulia yote: kwamba aliyeieneza Marekani miaka ya 1970 ni Bikram Choudhury, mzaliwa wa Calcutta, kwamba mikao ni 26 kwa dakika 90, kwamba chumba hupashwa moto hadi nyuzi 40 hivi, na hewa iwe na unyevu ili jasho litoke vizuri.

Mimi nilimsikiliza kuliko wote. Nimezaliwa Pweto, upande wa Kongo, nikaolewa huku Nchelenge, upande wa Zambia, na tangu hapo nimekuwa mtu wa chisense. Unaianika mchangani asubuhi, unaigeuza, unaikusanya mawingu yakija, unaianika tena. Kazi yote hiyo hufanywa kwa kuinama. Anayeijua hatashangaa kwamba nilimwambia, "Wifi, nifundishe na mimi."

Tatizo lilikuwa joto. Oktoba hapa halitafutwi, linakukuta kitandani. Juni upepo wa Ziwa Mweru ukianza usiku, watoto hulala wamejikunyata. Na umeme? Mwaka ule ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, nchi nzima ikahesabu saa chache za taa kwa siku. Lakini malasha, yaani mkaa, tulikuwa nayo, gunia zima.

Tukachagua stoo ya chisense: chumba kidogo, bati juu, dirisha moja. Tulitoa magunia, tukafagia, harufu ikabaki. Dirisha tukalizibia blanketi. Mbaula mbili za mama mkwe tuliziwasha uani, tukasubiri, kwa sababu sisi si wajinga wa moto. Kila mwanamke anajua moshi unaumiza. Makaa yalipokuwa mekundu kabisa, bila moshi hata kidogo, tukaziingiza ndani, tukateleka sufuria ya maji juu ya mojawapo ili mvuke ujae, tukafunga mlango na kusokota kitenge chini yake.

Zoezi la kwanza la yoga hiyo ni kuvuta pumzi. Unasimama wima, unaunganisha vidole chini ya kidevu, unavuta hewa hadi kifua kijae. Tukavuta. Tulivuta kwa bidii, kama wanafunzi wazuri.

Kwenye mkao wa tai kichwa kilianza kunigonga. Wifi alisema ni mwili unazoea joto, nami nikamwamini, maana jasho lilikuwa linatiririka kama alivyoahidi. Binti yangu wa miaka sita alikuwa ameingia nasi kuangalia. Nilimwona amelala kwenye kona, nikafikiri joto limemlegeza. Sentensi hiyo nimeirudia moyoni mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Ndipo sauti ikaja kutoka uani: "Mbaula zangu ziko wapi? Watu watakula nini?" Mlango ulikwama kwenye kitenge. Akausukuma kwa bega, bibi wa miaka sabini, akatuona, wala hakuuliza tena. Alimshika mtoto mkono akamburuta hadi uani. Mimi nilitoka kwa magoti. Wifi alianguka kizingitini akatapika.

Majirani walijaa. Mmoja alisema joto, mwingine malaria, na kweli wilaya hii malaria haiishi. Mwingine akanong'ona mambo ya usiku. Hospitalini walitupima malaria, hatukuwa nayo. Tabibu akauliza swali moja: "Moto ulikuwa ndani?" Mtoto akawekewa oksijeni. Alipofumbua macho aliomba maji.

Nilielezwa, nami naeleza. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inazunguka bila kubeba pumzi. Moshi kuisha hakumaanishi gesi imeisha. Makaa yale mekundu tunayoyasifu ndiyo yanayoitoa. Sufuria ya maji haiizuii. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi, ndiyo maana huku kwetu mtu huidhania malaria, akameza dawa na kurudi kulala chumba kile kile.

Wifi hakuacha yoga, na sikumtaka aache. Tulihamia ufukweni jua likichomoza, kabla mitumbwi haijarudi, mimi juu ya kitenge, yeye juu ya mkeka wake. Jua lilitosha. Mgongo wangu una nafuu.

Magunia ya chisense yamerudi stoo, na dirisha lile hatujalifunga tena, hata usiku wa baridi. Nawe unayesoma haya, kama mbaula iko ndani na watoto wamelala, iache karatasi hii. Itoe mbaula nje kwanza.