Yah: Ombi la Kiambatisho Kusindikizwa na Mtumishi

Kwa Mkuu wa Masjala pamoja na Kitengo cha TEHAMA, ofisi inayoita watu kwenye usaili.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua pepe yenu nimeipokea kwa heshima zote. Ilikuwa na mstari mmoja: "Soma kiambatisho." Kiambatisho chenyewe kinaitwa winmail.dat. Simu ilikikataa. Nikakipeleka steshenari, kijana wa pale akajaribu Word, akajaribu programu ya PDF, mwishowe Notepad ikakubali na kutapika viboksi na alama za dola ukurasa mzima. Katikati ya vurugu hiyo yalisomeka maneno mawili: WITO USAILI. Basi nimejua naitwa. Siku, saa na mahali vimebaki kwenye viboksi.

Nilipowaandikia, mkanijibu nihakikishe kifaa changu kina "programu stahiki". Jibu hilo, ajabu, lilisomeka.

Sasa ombi langu. Kila kiambatisho kitoke ofisini kikisindikizwa na mtumishi aliyekiona kikifunguka kwa macho yake. Apewe posho ya safari, apande basi, aje akae nasi kwenye benchi la steshenari atusomee kwa sauti. Asiruke kitu. Aanze na Kumb. Na., mikwaju yote aitaje, aseme, "Hapa pana muhuri wa bluu, umekaa upande, umefunika sahihi." Akifika kwenye jedwali atutajie safu baada ya safu, na penye nafasi tupu anyamaze kidogo. Sisi tutamtunza: chai ya maziwa, chapati, na feni tutamgeuzia yeye. Wenye maswali watanyoosha mikono. Jioni atasaini daftari kwamba kiambatisho kimesomwa na kimeeleweka, ndipo arudi kudai posho ya kulala.

Mengine ni madogo. PDF yenye nywila, nywila ije kabla ya usaili. Kurasa zilizoskaniwa zisilale ubavu. Na yule anayetuma matangazo kwa mafaili ya Publisher (.pub), aache.

Mnajua kinachouma? Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein, mmoja wa waliobuni MIME, utaratibu wa kuambatisha mafaili kwenye barua pepe, alituma kwa barua pepe picha ya kundi lake la waimbaji wanne pamoja na sauti zao wakiimba. Nyie mwashindwa kutuma maneno "saa tatu asubuhi"! Na hiyo winmail.dat haikuzaliwa kwenye simu yangu. Outlook ikiachwa itume kwa muundo wa Rich Text, ndivyo inavyoifungasha barua, na asiye na Outlook mara nyingi huambulia furushi. Mtu wenu akibadilisha muundo uwe HTML, yamekwisha. Kosa ni la anayetuma. Anayelipa steshenari ni asiye na kazi, na atakayeandikiwa "hakuhudhuria" ni huyohuyo, halafu mtatangaza kwamba vijana hawako makini.

Mniwie radhi, Mkuu. Narudi kwenye adabu.

Endapo fungu la posho halitatosha, niko tayari kupokea mbadala: siku, saa, mahali na vyeti vya kuja navyo viandikwe ndani ya barua pepe yenyewe, pale pale mlipoandika "Soma kiambatisho". Ni mistari minne.

Naomba kuwasilisha.