Kasida ya Waya Kimeo

Tajiri husifiwa akiwa hai, maskini husubiri msiba wake. Waya wa chaja hausifiwi popote. Ukiwa mzima hakuna anayeuona, ukiharibika unatukanwa mpaka na mtoto wa darasa la pili. Mimi leo nimeamua kuusifu, na siusifu waya mzima, maana huo hauhitaji mtetezi. Nausifu waya kimeo, ule wa saa janja yangu, uliovunjika shingo katikati ya Ramadhani ukanifunza mambo ambayo saa yenyewe, pamoja na ujanja wake wote, haikuwahi kunifunza. Kama kuna atakayecheka, akumbuke kwamba Lucian wa Samosata, katika karne ya 2, aliandika sifa za nzi. Na nzi wa watu hana hata sumaku.

Umbo lake halina makuu. Upande mmoja ni USB ya kawaida. Upande wa pili kuna kidude cheusi kama kifungo cha koti, chenye pini mbili za rangi ya dhahabu zilizokaa juu ya springi. Ukizigusa kwa kidole zinazama, ukiachia zinachomoza tena kama macho ya konokono. Kandokando yake sumaku. Ukisogeza saa, tak!, inanasa, pini zinakutana na vinundu viwili vya chuma mgongoni mwa saa, na umeme wa volti 5 unapita. Ndoa imefungwa bila posa wala mahari, na ndiyo maana haikawii kuvunjika.

Inavunjikia shingoni, pale waya unapoingia kwenye kile kidude, kwa kuwa ndipo unapokunjwa kila usiku. Ndani mna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele. Leo unakatika mmoja, keshokutwa mwingine, na ngozi ya nje inaendelea kung'aa kana kwamba ndani hakuna msiba. Watu wa namna hiyo ofisini kwetu wapo, lakini hayo si ya leo.

Nianze na adabu yake. Waya wangu haukugoma, ulitoa masharti. Ulazwe juu ya kopo la majani ya chai, upindwe kidogo kuelekea dirishani, saa ilale chali, na shingo ikandamizwe kwa pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Hapo unapeleka chaji. Likipita lori la mchanga barabarani, unaachia. Unashika tena, unaachia tena. Na saa yangu ina tabia ya kutangaza: kila umeme unapoingia, inatetemeka na kuwasha kioo, ikionyesha kijibetri cha kijani. Usiku kucha, drrr, kioo, drrr, kioo. Nililala ikiwa na asilimia 41, nikaamka daku nikaikuta na 38. Nilifikicha macho nikasoma upya. Kumbe lile tangazo la kuchaji lilikuwa linakula chaji nyingi kuliko inayoingia! Nimewahi kuuona mradi wa kisima ukienda vivyo hivyo, sherehe za uzinduzi zikamaliza hela za bomba.

Halafu elimu. Kabla ya ubovu huu sikujua chochote kuhusu umeme zaidi ya kwamba ukikatika tunasema "aah" kwa pamoja, ukirudi tunasema "eeh". Waya kimeo ulinifanya mtafiti. Nilibadilisha kichwa cha chaja, nikaweka kile kikubwa cha simu, wapi. Nikachomeka kwenye pawabenki. Ikawaka, ikakaa kidogo, ikajizima yenyewe. Nikaichomeka tena, ikajizima tena. Nikailaumu bure kwa siku mbili, mpaka kijana mmoja wa ofisini aliponielewesha kwamba betri ya saa ni ndogo mno, inanywa umeme kwa kijiko, na pawabenki nyingi zikiona kinachochukuliwa ni kidogo hivyo huamua kwamba hapa hakuna mtu, zikafunga duka. Fikiria: kifaa hakijaharibika, kimedharau tu mteja mdogo. Nani asiyelijua duka la hivyo?

Nikahamia kwenye usafi. Nilichukua mswaki mkuukuu, pamba na spiriti ya kuoshea vidonda, nikasugua mgongo wa saa. Pamba ilitoka na uchafu mweusi, na kwenye kinundu kimoja kulikuwa na kutu ya kijani. Hiyo ni kazi ya jasho. Jasho lina chumvi, na saa ikiwekwa kwenye chaji mgongo ungali na unyevu, umeme unapita kwenye yale maji ya chumvi na kuanza kutafuna chuma kidogo kidogo. Miezi yote hiyo nilikuwa narudi nyumbani kwa daladala, nimesimama kwenye mlango, jasho jembamba, na kitu cha kwanza kufanya ni kuivua saa na kuinasisha kwenye waya. Nilikuwa naikaanga kwa mikono yangu. Ni nani aliyeniambia? Si saa. Saa ilikuwa inaniambia ninywe maji.

Sifa ya jikoni siwezi kuiacha. Kwa kuwa kopo la majani ya chai hukaa karibu na sinki, waya nao ulihamia huko, na ile sumaku ikaanza maisha mapya ya kuokota. Asubuhi moja mke wangu aliita kutoka jikoni, kwa ile sauti isiyo na haraka ambayo mimi na mwanetu Nuru tunaiogopa.

"Baba Nuru, njoo uone waya wako unakula nini."

Ulikuwa umekula stilwaya. Vile vipande vidogo vinavyodondoka wakati wa kusugua sufuria vilikuwa vimeganda juu ya sumaku kama ndevu, na kipande kimoja kimelala sawasawa kutoka pini hii hadi ile. Njia fupi ya umeme kuliko hiyo hakuna. Kwa bahati swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Ingekuwa imewashwa, kile kipande kingeweza kugeuka kaa la moto na kuyeyusha plastiki. Tulivitoa kwa selotepu, kimoja kimoja, vichwa vikigusana, na nakiri kwamba hatujawahi kukaa jikoni kwa utulivu vile tangu Nuru azaliwe.

Sifa kubwa kuliko zote ni kwamba saa hatimaye ilizima, ikakaa siku tisa juu ya friji. Msinionee huruma. Saa ile ilikuwa na neno juu ya kila kitu. Inakwambia simama, inakwambia pumua, inakwambia usingizi wako wa jana ni wa alama 54, kana kwamba ulifanya mtihani. Zaidi ya yote, inadai hatua 10,000 kwa siku. Niliiheshimu namba hiyo kama agizo la daktari, nikawa nazunguka uani saa tano usiku kutafuta hatua 300 zilizobaki, mbwa wa jirani akibweka. Kumbe namba hiyo imeanzia dukani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walitoa kifaa cha kuhesabu hatua wakakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ni namba nzuri, kamili, inayouzika. Siku tisa sikujua nimetembea hatua ngapi, na miguu yangu ilinifikisha kila mahali. Muda niliupata kwa adhana, na kwa kelele za muuza mihogo ambaye hajawahi kuchelewa. Wala hakuna aliyeniandikia 19:00 wakati dunia nzima ya Waswahili inajua kwamba ni saa moja.

Lakini ukaidi una mwisho, na mke wangu ndiye aliyeinunua ile saa. Siku ya kumi nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi kijana mwenye kimeza cha upana wa sinia.

"Shikamoo mzee," akasema. Hiyo pekee ilinipunguzia chaji kwa asilimia 10.

Akachukua mita, akagusisha ncha zake kwenye zile pini mbili. Volti 5, bila wasiwasi. Nilijiona nimeshinda. "Waya mzima huu," nikasema.

"Ngoja mzee. Huu unasema tu." Akaunganisha kitaa kidogo ili uwe na mzigo wa kubeba, akapima tena. Volti zikaporomoka mbele ya macho yangu, kitaa kikafifia, akaupinda waya shingoni, kikazima kabisa. "Umebaki uzi mmoja au miwili. Bila kazi unaonyesha umeme wote. Upe kazi sasa."

Nilikaa kimya kwa heshima. Wagombea wangapi tumewapima bila mzigo?

Kutafuta mbadala kulichukua muda kuliko kupima, maana nyaya hizi zinafanana kama mapacha. Wa kwanza sumaku ilinasa vizuri ila pini zilikaa nje ya vinundu: zilikuwa zimeachana milimita 4, na saa yangu inataka 2.84. Wa pili vipimo sawa, lakini sumaku zake zimepangwa kinyume, saa ikawa inasukumwa na kukimbia mezani. Wa tatu, tak!

Kioo hakikuwaka. Nikamtazama fundi. "Iache nusu saa, usiiguse," akasema. Betri ikikauka kwa siku nyingi hailishwi kwa pupa. Inapewa umeme kidogo kidogo kwanza, kama mgonjwa anayepewa uji, mpaka ipate nguvu ya kuwasha kioo. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikinywa kahawa. Dakika ya ishirini na kitu, drrr. Asilimia 1. Na chini yake: umekaa muda mrefu, simama utembee kidogo.

Nikalipa elfu saba. Fundi akaushika ule wa zamani kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mjusi. "Huu nitupe, mzee?"

"Nipe."

Usiku mke wangu, akiwa kitandani, akauliza kama saa imeshatengenezwa. Nikamwambia imeshatengenezwa, iko kwenye chaji.

"Umeiweka wapi? Mbona sijaiona hapa chumbani?"

"Jikoni," nikasema. "Juu ya kopo la majani ya chai."

Lori la mchanga likapita.