Chura Ndani ya Spika

Jaribu kumweleza mtu unayeishi naye nyumba moja kwamba umenunua kiboksi cha chuma kwa laki tatu, na kwamba kazi ya kiboksi hicho ni kuharibu sauti. Mama Neema alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nikiwashe. Nikapiga nyuzi mbili, likatoka koromo lililomtoa jirani nje akiwa bado na kijiko mkononi. Mama Neema akaniuliza, kwa upole kabisa: "Baba Neema, ile spika ya redio iliyotoboka si inafanya hivihivi, tena bure?"

Historia iko upande wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akirekodi besi ya nyuzi sita kwenye wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", na transfoma moja ndani ya mitambo ya studio ikawa imeharibika. Sauti ikatoka imechanika. Wakaiacha hivyohivyo, wimbo ukapendwa, na fundi mitambo Glenn Snoddy akakaa chini kutafuta namna ya kuutengeneza ubovu ule kwa makusudi. Mwaka 1962 ubovu huo ukaingia sokoni, ndani ya boksi, kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Tangu hapo sisi wapiga besi tunanunua kwa fedha taslimu kile ambacho wenzetu wanakipeleka kwa fundi kikatolewe.

Ukienda Kariakoo kutafuta pedali ya besi, yaani kiboksi kama hicho cha kukanyaga, jiandae kusikia sentensi moja: "Kaka, gitaa ni gitaa." Muuzaji hana nia mbaya. Duka hilohilo linauza pasi, feni na saa za ukutani, na kote humo pasi ni pasi. Ila kwenye gitaa hesabu zinakataa. Uzi mnene wa gitaa la solo hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Uzi wa E kwenye besi hutetemeka mara 41, na ukiwa na besi ya nyuzi tano, ule wa B unashuka hadi 31. Sasa, pedali nyingi za kukwaruza sauti ya solo zimeundwa zikate sauti za chini, ili solo lisigombane na besi. Ukichomeka besi humo, umemwajiri mlinzi ambaye kazi yake ni kukufukuza wewe.

Dukani huwezi kugundua. Spika wanayokujaribishia ni ndogo, haina sauti ya chini ya kupoteza, kwa hiyo kila pedali inapendeza. Utagundua kwenye mazoezi, pale mpiga drams atakapogeuka na kukuuliza kwa nini umeacha kupiga, na wewe vidole vinatoka jasho. Ndiyo maana pedali za besi zilizotengenezwa na watu wanaoijua besi huwa na nobu ya kuchanganya: sauti iliyochanika inatoka upande huu, sauti safi inapita upande ule, nawe unapima kiasi. Darkglass ya Helsinki, Ufini, imejijengea jina kwa vifaa vya wapiga besi. Mtu aliyeko kwenye baridi ile ana muda wa kutufikiria.

Kisha kuna filta inayofuata kidole. Ukipiga uzi kwa nguvu inafunguka, ukipapasa inajifunga, na kinachotoka ni "wau, wau". Mu-Tron III, iliyotoka mwaka 1972, ndiyo iliyoipa umaarufu, na Bootsy Collins akaifanya karibu kiungo cha mwili wake. Bootsy anavaa miwani ya nyota na kupiga besi yenye umbo la nyota; kwake "wau" inakaa mahali pake. Kwenye ibada ya kwanza asubuhi inataka moyo. Mzee mmoja wa kanisa alizunguka taratibu hadi nyuma ya spika, akainama, akachungulia, kisha akaja kuninong'oneza sikioni: "Mwanangu, humu ndani kuna chura." Nikamweleza kuwa ni filta. Akafikiri kidogo. "Sawa, mwanangu. Basi mtoeni kabla ya mahubiri."

Habari za pedali ya okteva ni fupi. Inasikiliza noti unayopiga na kuongeza nyingine ya chini yake. Zile za zamani zinamudu noti moja kwa wakati. Ukipiga mbili kwa pamoja, au ukishuka sana kwenye uzi wa E, zinachanganyikiwa na kuanza kugugumia. Na pedali ya mwangwi iache nyumbani. Kumbi zetu za vigae chini na vioo pembeni zinatoa mwangwi wa kutosha, tena ukumbi mwingine unaurudisha na faida.

Lakini visa vikubwa vya pedali haviko kwenye sauti. Viko kwenye umeme.

Karibu pedali zote hutumia volti 9, na pini ya katikati ya chaja ni hasi. Kuna vinanda ambavyo chaja zake hutoa volti 12, na katikati ni chanya. Kwa macho, vichwa vya chaja hizo vinafanana, na kimoja kinaingia kwenye tundu la mwenzake bila ubishi. Mpiga kinanda wetu ni mtu mwenye roho nzuri, na watu wenye roho nzuri ndio wa kuogopwa jukwaani. Aliona chaja yangu imepotea, akachukua ya kinanda chake cha akiba na kunichomekea nikiwa bado nafunga viatu, ili asinisumbue. Kamoshi kembamba kakapanda kutoka miguuni kwangu. Maharusi walikuwa ndio wanaingia, na MC, mtu asiyepitwa na jambo, akashika kipaza sauti: "Makofi kwa watu wa mapambo!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikainama kupokea.

Baada ya hapo nikahamia kwenye betri, na huko nikakutana na MC mwingine.

Betri ya volti 9, ile ya mstatili yenye vichwa viwili juu, inatamaniwa na wengi. Fundi redio anaitaka kwa ajili ya mita yake. Zipo maikrofoni zisizo na waya zinazoitumia. Yenyewe pia ina tabia zake: kwenye pedali, tundu la kuingizia waya ndilo swichi, kwa hiyo ukiuacha waya umechomekwa, hata kama taa haiwaki, betri inaliwa usiku kucha. Besi zenye saketi ndani yake nazo zina mtindo huohuo. Nilijifunza kuchomoa waya kila ninapokwenda kunywa maji, nikajiona mtu makini, na kwa kweli betri zilikaa. Hilo halikusaidia chochote siku ya harusi ya Sinza.

Ukumbi ulikuwa umejaa, sebene limekolea, ndugu wa bwana harusi wanaingia na zawadi kwa mwendo wa kucheza. Maikrofoni ya MC ikakata. Mama mmoja wa kamati, amevaa sare ya kitenge na mamlaka kamili, alipanda jukwaani, akakagua vifaa vyetu kwa macho, kisha akanielekea. "Baba, hiki cha bluu kina betri?" Kabla sijajibu alikuwa amekigeuza tumbo juu.

Hapa msomaji anahitaji elimu kidogo. Zipo pedali ambazo ukizizima hupitisha sauti kama waya wa kawaida, hata zikikosa umeme. Zipo nyingine ambazo sauti hupita kwenye saketi zake wakati wote, ziwe zimewashwa au zimezimwa. Hizo zikikosa umeme, hakuna kinachotoka upande wa pili. Ya bluu ilikuwa ya kundi hili. Besi ikapotea katikati ya sebene.

Mpiga solo hakujua. Waimbaji hawakujua. MC, ambaye sasa alikuwa na sauti nene iliyotokana na betri yangu, hakujua. Lakini wachezaji walianza kupunguza mwendo. Mmoja akatazama viatu vyake. Mashangazi wakarudi mezani kumalizia soda. Baba wa bwana harusi akaja hadi jukwaani kuuliza kama umeme wa upande mmoja umekatika. Sijawahi kusikia mtu akieleza kazi ya besi vizuri zaidi ya hapo. Nikachomoa waya, nikaiunga besi moja kwa moja kwenye ampu, na mashangazi wakanyanyuka.

Nikiachana na betri unadhani nimepona? Kuna mngurumo. Umeme wa Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G ya chini kwenye besi hutetemeka mara 49. Maana yake, besi yako ikiwa imeungwa kwenye ampu upande huu na kwenye miksa upande ule, na kila kimoja kina njia yake ya ethi, spika zinaanza kunguruma G iliyopanda kidogo. Ukumbi unapiga besi pamoja nawe, tena haujalandanishwa. Bendi ikipiga wimbo wa G, wasikilizaji wenye masikio wanadhani ni sisi tulioshuka. Marekani umeme wao ni mizunguko 60, ambayo inaangukia katikati ya B bemoli na B, kwa hiyo wao wanateseka kwenye nyimbo nyingine.

Jenereta lina uungwana zaidi. Likilemewa na mzigo hupunguza mwendo, na mngurumo nao unashuka. Nimewahi kusikia jenereta la ukumbi mmoja wa Mbezi likishuka polepole hadi likaingia kwenye G kamili. Tulitazamana na mpiga ridhimu kwa mshangao, tukapiga ubeti mzima kwa raha, umeme na binadamu noti moja. Kisha mtu wa vinywaji akazima jokofu.

Dawa ya mngurumo ni boksi la DI, lile la kupeleka besi kwenye miksa, lenye swichi ndogo ya kukata ethi kwenye waya wa sauti. Wa sauti, nasema. Fundi akitaka kukuvunjia pini ya ethi kwenye plagi, mkatalie hata kama ni shemeji yako. Hiyo ndiyo inayokukinga usipigwe shoti ukiwa umeshika nyuzi za chuma.

Wengine wamechoka na haya yote wakanunua mashine moja yenye sauti zote ndani. Nami ninayo, na ni nzuri. Unapanga sauti zako kwa namba, unakanyaga. Ila mashine yenye skrini na vitufe vya rangi, ikiwa kwenye nyumba yenye mpwa wa darasa la sita, haikai kama ulivyoipanga. Namba moja, ambayo kwangu ni besi safi isiyo na makeke, aliibadilisha kuwa kitu alichokipa jina la "Roketi". Sikuwa na habari. Jioni ile tulikuwa tunamsindikiza bibi harusi kwa wimbo wa taratibu, wazee wamesimama, wengine wametoa leso. Noti yangu ya kwanza ilipaa. Bibi mzaa mama alikaa chini. Mpwa mwenyewe, aliyekuja kama mgeni mwalikwa, ndiye pekee aliyeshangilia.

Usafiri nao usiupuuze. Seremala wa mtaani alinitengenezea ubao wa mninga wa kupanga pedali, kazi safi, nzito kiasi kwamba kondakta wa daladala ananitoza nauli ya watu wawili. Fikiria pia sura yake: viboksi vya chuma, nyaya fupifupi, vitaa vyekundu. Mlinzi wa hoteli moja alivua kofia alipoufungua mkoba. Hakuniruhusu niingie mpaka nilipochomeka kila kitu hapo getini na kumpigia. Alichagua mwenyewe wimbo.

Mpiga solo wetu hunikumbusha James Jamerson kila anaponiona nimepiga magoti nikifunga nyaya. Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo lukuki za Motown, Detroit, kwa Fender Precision ya mwaka 1962, nyuzi kuukuu asizopenda kubadilisha, kidole kimoja cha shahada, na waya uliokwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya studio. Hakutumia pedali. Siku hizi Mama Neema naye ananitajia Jamerson. Sijui nani kamwambia.

Ninaloweza kuwajibu ni kompresa. Hii ndiyo pedali ya besi hasa, na ndiyo isiyompa mtu sifa yoyote, maana haisikiki. Ukiiweka kwenye uwiano wa nne kwa moja, sauti ikivuka kiwango ulichokiweka kwa desibeli nne, inaruhusiwa kutoka moja tu. Noti zako kali zinatulizwa, zile dhaifu unazipandisha, na besi inakaa palepale mbele ya drams tangu maharusi wanaingia hadi vyombo vinaoshwa. Hakuna mgeni atakayekuja kukupongeza kwa kompresa. Fundi mitambo pekee ndiye atakayekupa mkono, tena akiwa anatazama pembeni.

Kwa hiyo mpiga besi mwenzangu mwenye laki kadhaa mfukoni, nunua kwanza chaja inayotoa umeme kwa njia zilizotenganishwa, uandike jina lako juu yake kwa rangi isiyofutika. Kisha tyuna ya kukanyaga ya kulandanisha nyuzi, kompresa na DI. Ubovu wa kununua utafuata fedha zikibaki. Na nyinyi ma-MC, tunawapenda, tunawahitaji, lakini njooni na betri zenu.