Watu Wanne wa Kwenye Chupa

Kwa mtu ambaye hajawahi kuonja hata povu lake, nazijua bia za Kitaliano kuliko inavyostahiki. Wa kulaumiwa ni mpwa wangu.

Msuka, hapa Pemba, hakuuzwi bia. Ukishaiacha Konde nyuma, maduka ya njiani yana unga, vocha, mafuta ya taa na biskuti, na kinywaji kikali kuliko vyote ni soda ya tangawizi. Lakini mpwa wangu anaosha vyombo katika hoteli moja ya ufukweni, na wapo wageni wa Kitaliano wasioridhika na bia ya jokofu la hoteli. Hubeba za kwao sandukuni, wamezivisha soksi zisivunjike. Wakishamaliza, chupa tupu humfuata mpwa wangu nyumbani, na nyumbani yupo Bi Mkubwa, dada yake mama yangu.

Bi Mkubwa hana habari na kilichokuwamo. Chupa huisugua kwa mchanga na jivu, akaisuuza mara saba kwa maji ya moto, kisha akatia asali, siki au mafuta ya nazi. Karatasi haitoi. Anasema chupa isiyo na picha haimpendezi mnunuzi. Na mimi ni mwalimu wa sekondari. Maandishi hayapiti mbele yangu bila kusomwa.

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na mzee wa Moretti, bia iliyoanzia mji wa Udine 1859: mwenye kofia, sharubu na gilasi mkononi. Bi Mkubwa hampendi, anasema ana uso wa mtu wa kupunja mizani. Aliowapenda ni watu wanne wa Ichnusa. Hiyo ni bia ya kisiwa cha Sardinia, imeanza 1912, na jina lake ndilo Wagiriki wa kale walilokiita kisiwa hicho. Kwenye karatasi yake vimo vichwa vinne vya watu weusi, kila kimoja na kitambaa cheupe kipajini, kama vilivyo kwenye bendera ya Sardinia.

"Hawa wa kwetu," akasema. "Huko wamefikaje?"

Nikamweleza habari za bendera na wafalme wa zamani. Akanisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Waliuzwa. Na sasa wanauziwa bia."

Basi nikaanza kuchimba kwenye simu, na usiku ukawa mfupi. Kumbe Italia, nchi ya mvinyo, mambo yake ya bia yalichafuka 1996. Mwaka huo Teo Musso alianza kupika yake kwenye kijiji cha Piozzo, akaiita Baladin, na Agostino Arioli naye akafungua kiwanda chake kidogo Lurago Marinone. Baada yao wakafuata mamia. Musso ana bia iitwayo Nora, ina tangawizi na manemane. Nyengine ni Isaac, ina giligilani na maganda ya machungwa. Nilipomsomea Bi Mkubwa akasema huo si ulevi, huo ni mchuzi. Wengine wanachanganya bia na maji ya zabibu za mvinyo, yaani dhambi mbili kwa chupa moja. Zipo na bia za ngano ambazo hamira yake pekee huzitia harufu ya karafuu, na ndani hamna hata konyo moja. Karafuu isiyochumwa wala kupitia kituo cha kununulia! Hapa Pemba, watu wamelazwa rumande kwa magendo madogo kuliko hayo.

Kilichonikaa zaidi kichwani ni sheria yao ya 2016. Mtaliano haruhusiwi kuiita bia yake ya kisanaa kama ameipasha moto kuua vijidudu. Hamira ibaki hai, na aghalabu huachwa iendelee na kazi humo humo chupani, ikitengeneza gesi. Ndiyo sababu chupa zao huwa nene.

Ikaja Ramadhani. Bi Mkubwa alikamua maji ya miwa, akatia ndimu na tangawizi mbichi isiyomenywa, akajaza chupa ya watu wanne, akaiziba kwa kizibo kilichofungwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa ya futari ya binti yake, Chake Chake. Gari zilichelewa, akalala Konde kwa jamaa, na jua la siku ya pili likafanya yake. Nilipoungana naye garini, saa tisa alasiri, watu wamekauka midomo na chupa imo kapuni, katikati ya magoti yake.

Tuliruka shimo moja tu. Kizibo kikalia kama baruti, kikapiga dari, na povu likamwagika juu ya kanzu ya mzee aliyekaa mbele yetu. Povu jeupe, zito, lenye harufu chachu. Gari zima likaiangalia chupa.

"Ni miwa!" akapiga kelele Bi Mkubwa. "Wallahi ni miwa!"

Konda akaiinua chupa ili wote waione. Nikaona wajibu wa kumtetea mama yangu mkubwa ni wangu, nami nikasimama.

"Jamaani, hii chupa ya Ichnusa," nikasema, "na Ichnusa haina povu la namna hii. Ichnusa ya kawaida ni bia ya kuchujwa, rangi ya dhahabu. Povu zito namna hii ni la zile zinazomalizia kuchachuka chupani, kama za Piozzo, na hizo chupa zake..."

Nikasita. Hakuna aliyekuwa akimwangalia Bi Mkubwa tena.

"Endelea, mwalimu," akasema mzee, akijifuta ndevu. "Ya Piozzo ikoje?"

Hadi Chake hakuna aliyekaa karibu nami, ingawa watu walikuwa wamesimama.

Siku chache baada ya Idi, mjukuu wa yule mzee alibisha hodi kwetu. Babu yake ameomba chupa tupu ya kutilia mafuta ya nazi, na amesisitiza iwe ya watu wanne, ile ya sharubu haitaki.