Jinsi ya Kwenda Meidum, Piramidi Iliyovuliwa Kanzu

Anza kwa kumshinda dereva. Ukitamka "piramidi" mbele ya teksi yoyote mjini Cairo, gari litageuka lenyewe kuelekea Giza. Ukitamka "Meidum", utaulizwa mara ya pili, kisha utaelezwa kwamba ni mbali, kwamba huko hakuna kitu, kwamba Giza kuna ngamia. Usibishane naye juu ya ngamia. Patana bei ya siku nzima, kwenda na kurudi pamoja na muda wa kungoja, na usipande mpaka neno Meidum litoke kinywani mwake yeye mwenyewe.

Giza siisemi vibaya, ina haki yake. Lakini mtu aliyesimama pale saa moja, akanyoosha mkono ili picha ionyeshe ameishika ncha ya piramidi kwa vidole viwili, kisha akarudi kwao kutangaza kwamba piramidi amezimaliza, huyo amekula ubwabwa wa harusi bila kumwona bwana harusi wala bibi harusi. Giza ni kazi ya mafundi waliokwisha kuhitimu. Mistari imenyooka, hesabu zimekaa sawa. Anayetaka kujua walihitimu vipi, waliharibu wapi na walirekebisha nini, lazima ateremke kiasi cha kilomita 100 kusini mwa Cairo hadi jimbo la Beni Suef. Daftari la mazoezi liko huko, limesimama ukingoni mwa jangwa likiwa limeraruka.

Mzigo wako uwe mdogo: tochi nzuri, maji ya kutosha, viatu vilivyofunga mguu, pasipoti, na noti ndogondogo za pauni ya Misri. Chakula nunua Cairo kabla ya kuondoka, mkate wa ful au taamiya, kwa sababu mgahawa wa watalii usiutegemee. Asiyemudu teksi apande treni inayokwenda Beni Suef na kusimama El Wasta, ashuke hapo, atafute basi dogo au bajaji. Naam, bajaji, zile zile za magurudumu matatu. Askari wakikusimamisha na kutaka kujua unakwenda wapi na kwa nini, wajibu kwa adabu, na wakiamua kukusindikiza, kubali. Lugha isikutishe. Sukari ni sukkar, kitabu ni kitab, samaki ni samak, safari ni safar, na shukrani inaeleweka bila mkalimani. Mzee anayelinda lango mwite "ya hagg", ndiyo Haji yetu kwa matamshi ya Kimisri. Mlango unaofunguliwa kwa salamu hufunguka hadi mwisho.

Njia inapita katikati ya mashamba. Kuna berseem, majani ya kulishia mifugo, kuna mitende, kuna punda wanaobeba mzigo mkubwa kuliko wao, na kuna mifereji ya maji ya Nile, ambayo sehemu yake ilitoka Ziwa Viktoria ikapita Jinja kabla ya kufika hapo. Ghafla kijani kinakatika, jangwa linaanza bila hodi, na juu yake unaona kitu ambacho macho yako hayatakiita piramidi. Ni mnara. Mnara wa mraba, wa ngazi tatu, umechomoza kutoka katika kilima cha kifusi.

Wenyeji waliuita Haram el-Kaddab. Hiyo haram si haramu yetu. Ni neno jingine la Kiarabu, lenye h nyepesi, na maana yake ni piramidi. Kaddab ni mwongo, na mzizi wake ndio uliotupa sisi kukadhibisha. Piramidi mwongo, basi. Jina hilo mimi silikubali hata kidogo. Piramidi nyingi nyingine zimefunika matumbo yao. Hii imevuliwa kanzu mchana kweupe, na kila mshono wa ndani unaonekana. Kama kuna piramidi inayosema kweli, ni hii.

Ukifika, usiingie ndani. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mgeni: anaona tundu, anakimbilia tundu. Izunguke kwanza kwa miguu, taratibu, pande zote nne. Halafu simama mbali kidogo na uutazame ukuta wa mnara. Utaona mikanda: mahali jiwe limesuguliwa likawa laini kama meza ya seremala, na juu yake mkanda wa jiwe la kukwaruza, kisha laini tena. Usipite haraka hapo, maana hiyo mikanda ndiyo historia yenyewe.

Piramidi hii ilijengwa mara tatu. Kwanza ilikuwa ya ngazi saba, kwa mtindo wa ile ya mfalme Djoser kule Saqqara. Kisha wakaikuza, ikawa ya ngazi nane. Baadaye, katika zama za mfalme Sneferu, baba yake Khufu, kiasi cha mwaka 2600 kabla ya Kristo, likaja wazo jipya: zile ngazi zijazwe mawe na kufunikwa, pande zote ziteremke kwa mstari mmoja laini kutoka kileleni hadi mchangani. Piramidi kamili, yenye kitako cha meta 144 kila upande na kimo cha meta 92 hivi. Mwinamo waliouchagua, takriban nyuzi 52, ndio ule ule alioutumia Khufu kwenye piramidi yake kubwa ya Giza.

Wazo lilikuwa sahihi. Kazi ndiyo iliyokuwa na kasoro mbili. Ngazi za zamani zilikuwa zimesuguliwa laini, kwa hiyo tabaka jipya halikupata pa kuuma. Na wakati kiini kimekaa juu ya mwamba, tabaka la nje waliliweka juu ya mchanga. Fundi yeyote wa Tandale au Gikomba angekwambia mwisho wake.

Lakini tabaka hilo lilianguka lini? Mwaka 1974 Kurt Mendelssohn, mwanafizikia wa Oxford, aliandika kitabu kizima akidai kwamba liliporomoka kwa kishindo wakati wa ujenzi, na kwamba habari hizo ndizo zilizowafanya mafundi wa Sneferu kule Dahshur wapunguze mwinamo wa piramidi nyingine katikati ya kazi, kutoka nyuzi 54 hadi 43, ikabaki imepinda hadi leo. Ni hadithi tamu na imependwa sana. Mimi siifuati. Waliochimba kifusi cha Meidum hawakukuta maiti za wajenzi, wala kamba na magogo yao, vitu ambavyo maporomoko ya ghafla yangevizika. Tena al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo wa karne ya 15, aliieleza piramidi hii kuwa yenye ngazi tano; wataalamu waliokuja na jeshi la Napoleon mwishoni mwa karne ya 18 walikuta tatu. Jengo liliendelea kupungua muda mrefu baada ya mafirauni kwisha. Watu walikuwa wakibeba mawe yake kwenda kujengea kwingine, na kila jiwe lililotoka liliwalegeza wenzake.

Sasa ingia. Mlango uko upande wa kaskazini, unaufikia kwa ngazi ndefu inayopanda juu ya kifusi. Ndani, njia inateremka meta 57 hivi, nyembamba, na mtu mrefu atainama mwanzo hadi mwisho. Shuka kinyumenyume kama magoti yako yana malalamiko, hakuna atakayekucheka. Hewa inazidi kuwa nzito na ya joto kadiri unavyoshuka. Chini kabisa unafika mahali pa tambarare, halafu unapanda ngazi ya mbao iliyosimama wima, na kichwa chako kinatokeza sakafuni mwa chumba cha mfalme.

Ni chumba kidogo. Hakuna jeneza la jiwe, hakuna maandishi, hakuna dhahabu, na mgeni aliyelelewa na sinema atatoka baada ya dakika moja. Wewe inua tochi. Tazama kuta za pande mbili zinavyosogeleana kuelekea juu, kila safu ya mawe ikitokeza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, mpaka zinakutana. Ndivyo mafundi hawa walivyokwepa uzito wa mlima mzima usiwaangukie chumbani. Mbinu hiyo wakaipeleka Dahshur, na mwana akairithi kwa baba: ukumbi mrefu ndani ya piramidi ya Khufu, ambao watu hupanga foleni kuuona, umeezekwa kwa hesabu hii hii. Humo chumbani pia kuna magogo ya mwerezi yaliyopachikwa ukutani tangu siku za ujenzi. Yaangalie tu, mkono wako uwe mfukoni.

Ukishatoka na kunywa maji, zunguka hadi upande wa mashariki. Pale chini ya piramidi kuna hekalu dogo sana, ambalo mwanaakiolojia Flinders Petrie alilifukua mwaka 1891. Kifusi kilichoivua piramidi kanzu ndicho kilicholifunika hekalu na kulihifadhi. Ndani yake yamesimama mawe mawili marefu ya ukumbusho, yenye vichwa vya mviringo, na hayana hata herufi moja. Mahali pa kuandika jina la mfalme palibaki patupu.

Walioandika ni wageni. Katika mwaka wa 41 wa utawala wa Thutmose III, karani aitwaye Aakheperkareseneb alikuja hapa kutembea. Hekalu lilikuwa tayari na umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Aliingia, akatazama, kisha akaandika ukutani kwamba amekuja kuliona hekalu zuri la mfalme Sneferu, na akalisifu kwa maneno ya mbingu na jua linalochomoza. Maandishi kama hayo ndiyo yaliyosaidia wachimbaji kulihusisha jengo hili lisilo na jina na Sneferu. Mtalii alimtajia mfalme jina lake.

Najua unachokifikiri, na jibu ni hapana. Karani alikuja kumheshimu Sneferu, na sifa aliziandika kwa ajili ya Sneferu. Wewe mwenye kalamu ya wino mzito unataka kuandika jina lako na la mchumba wako. Rudisha kalamu mkobani.

Wenye mwili mwepesi na moyo mkavu wamwombe mlinzi awapeleke kaburi namba 17, lundo kubwa la matofali ya udongo na vipande vya mawe vilivyobaki kwenye ujenzi wa piramidi. Huingii kwa mlango wa heshima. Unatambaa kwa tumbo katika njia iliyochimbwa na wezi wa kale. Vumbi litaingia kila mahali. Mwishoni unasimama mbele ya jeneza la matale nyekundu, zito na la kale mno, kifuniko kimesukumwa pembeni. Aliyezikwa humo hajulikani. Kwa kazi hiyo mpe mlinzi bakshishi yake bila kununa na bila kusubiri aombe. Kukaa juani mwaka mzima akilinda mahali ambapo hakuna anayekuja ni kazi ngumu, na yeye ndiye aliyekusubiri na ufunguo.

Usihesabu safari imekwisha ukirudi Cairo. Makaburi ya jirani na piramidi yalifukuliwa mwaka 1871 na watu wa mwanaakiolojia Auguste Mariette, na hazina zake zikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Cairo. Mojawapo ni sanamu ya Rahotep, mwenye sharubu nyembamba, ameketi na mkewe Nofret. Macho yao yametiwa mawe ya kung'aa, na inasimuliwa kwamba mfanyakazi wa kwanza kuwamulika kwa mshumaa kaburini alitoka mbio, akiamini wanamtazama.

Kisha tafuta bata bukini wa Meidum, bata sita katika mstari mmoja, manyoya yamechorwa moja moja, wawili wa pembeni wameinama kudonoa. Wametoka katika kaburi la waziri Nefermaat na mkewe Itet. Nefermaat alijivunia ukutani mwake kwamba amezichonga picha zake kwa namna isiyofutika: alichimba maumbo ndani ya jiwe, akayajaza udongo wa rangi. Udongo ulikauka, ukapasuka, sehemu kubwa ikadondoka. Bata walikuwa upande wa mkewe, wamepakwa rangi tu juu ya plasta, na rangi ile ipo mpaka leo.